Barovia Si Romania: Mizizi Halisi ya Michezo ya Kutisha ya Kigothi

Anayefungua kitabu cha mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani ambamo mwongozaji husimulia, wachezaji huigiza na dadu huamua, wenye mandhari ya kutisha ya kigothi, hukutana karibu kila mara na picha ileile: kijiji kilichomezwa na ukungu, kasri juu ya genge, wanakijiji wanaofunga madirisha jua linapozama, mbwa mwitu wanaolia msituni, na bwana mmoja mwenye cheo ambaye angali akitembea ingawa alipaswa kuwa kaburini karne nyingi zilizopita. Akiuliza mambo haya yametoka wapi, huambiwa kwamba ni Ulaya ya Mashariki ya Zama za Kati. Jibu hilo lina ukweli kidogo na upotoshaji mwingi. Sehemu kubwa ya malighafi ya ulimwengu huo ni ya karne ya 18 na ya 19, na waliotuachia maandishi yake walikuwa maofisa wa dola, wasafiri na watunzi wa riwaya waliowatazama wakulima wa mipakani kwa jicho la mgeni. Maandishi hayo yakapita mikononi mwa watengenezaji wa filamu, na ndipo yakafika kwenye meza yenye dadu. Kwa hiyo kuuliza chanzo cha ulimwengu wa namna hii ni kuchambua matabaka, na kila tabaka lina watu wake, nia zake na makosa yake.

Tuanze na michezo yenyewe. Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na vampaya, yaani wafu wanaofufuka na kunyonya damu, walikuwamo tangu mwanzo. Inasimuliwa kwamba hata kasisi mpiganaji, mmojawapo wa wahusika wa msingi wa mchezo huo, alibuniwa katika kundi la Arneson ili apatikane wa kumkabili mchezaji aliyekuwa akiigiza vampaya mwenye nguvu kupita kiasi, na kwamba mfano wake alikuwa mwindaji wa vampaya wa filamu za Kiingereza. Hata hivyo, vampaya wa miaka hiyo alikuwa jini la shimoni kama majini mengine, hana kwake wala kisa chake. Tracy Hickman na mkewe Laura hawakuridhika na hali hiyo. Walitaka vampaya mwenye nyumba, historia na sababu ya kuwa alivyo. Kazi yao ilitolewa na kampuni ya TSR mwaka 1983 kwa jina la Ravenloft, na ndani yake alikuwamo Strahd von Zarovich, mtawala wa bonde la Barovia. Mwaka 1990 kampuni hiyo iliupanua mchezo ukawa ulimwengu kamili wa himaya nyingi zilizotenganishwa na ukungu, kila himaya na mtawala wake mwovu. Mwaka uliofuata ikatoka Vampire: The Masquerade, iliyowahamishia wanyonya damu katika miji ya kisasa. Mengi yaliyofuata yanaigiza mojawapo ya hizo mbili au yanabishana nayo.

Sasa turudi nyuma mpaka mwaka 1718. Kwa mkataba wa Passarowitz, Milki ya Osmania iliikabidhi dola ya Habsburg ya Austria eneo la kaskazini mwa Serbia pamoja na Banat na sehemu ya magharibi ya Wallachia, ambayo leo ni sehemu ya Romania. Ghafla, maofisa Wakatoliki wenye mazoea ya kuandika taarifa kwa Kijerumani wakajikuta wakitawala vijiji vya Waorthodoksi vyenye desturi zake kuhusu wafu. Desturi hizo zilikuwa za kale, lakini kwa Ulaya ya magharibi hazikuwa zimewahi kuwa habari, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuziandika na kuzituma Vienna. Mpaka ulipohama, karani naye akafika.

Mwaka 1725 ofisa mmoja aitwaye Frombald aliitwa katika kijiji cha Kisiljevo. Mkulima Petar Blagojević alikuwa amefariki na kuzikwa wiki kama kumi zilizopita, na katika muda wa siku nane watu tisa walikuwa wamekufa baada ya kuugua kwa saa ishirini na nne tu. Kila mmoja, kwa mujibu wa wanakijiji, alisema kabla ya kukata roho kwamba Petar alimjia usingizini akamkaba koo. Mjane wake alikuwa amekihama kijiji, akidai kwamba marehemu alimrudia kudai viatu vyake. Frombald alitaka kuandika Belgrade aombe idhini, lakini wanakijiji walimwambia kwamba barua hiyo ikirudi watakuwa wameangamia wote, kama ilivyowahi kutokea zama za Waturuki, na kwamba asipokubali watahama. Akaenda kaburini pamoja na padri. Taarifa yake inasema kwamba mwili haukuwa na harufu ya maiti, kwamba isipokuwa pua iliyokuwa imebonyea kidogo ulikuwa mbichi kabisa, kwamba nywele, ndevu na kucha zilikuwa zimekua, kwamba ngozi ya zamani ilikuwa ikibambuka na mpya kuonekana chini yake, na kwamba kinywani mlikuwa na damu. Wanakijiji wakachonga kigingi, wakamchoma nacho kifuani, damu ikatoka masikioni na mdomoni, kisha wakauteketeza mwili. Ofisa alimalizia kwa kuwaomba wakubwa wake kwamba, ikiwa kosa limefanyika, lawama zisimwangukie yeye bali umati uliokuwa umechanganyikiwa kwa hofu. Taarifa hiyo ilichapishwa katika gazeti la Vienna mwezi Julai mwaka huohuo.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu katika kisa hicho kifupi karibu kila kiungo cha mchezo wa kigothi kimo, isipokuwa vile ambavyo wachezaji wa leo huvidhania kuwa vya lazima. Kuna kijiji kilichojaa hofu, kuna kaburi, kigingi na moto, na kuna mgeni mwenye mamlaka asiyejua afanye nini. Hakuna kasri, hakuna mtu wa ukoo bora, hakuna meno marefu, wala hakuna mwanga wa jua unaounguza. Vampaya wa Kisiljevo ni mkulima anayewarudia jirani zake na kudai viatu.

Kisa cha pili kilifanya uvumi ufike mbali zaidi. Katika kijiji cha Medveđa aliishi mgambo wa mpakani, Arnaut Pavle, ambaye maandishi ya Kijerumani humwita Arnold Paole. Alisimulia enzi za uhai wake kwamba aliwahi kusumbuliwa na vampaya upande wa Waturuki, na kwamba alijitibu kwa kula udongo wa kaburi la vampaya huyo na kujipaka damu yake. Akafa kwa kuanguka kutoka kwenye gari la nyasi, na baadaye watu wakadai kwamba anawasumbua. Miaka michache ikapita, vifo vikaanza tena, na Januari 1732 jeshi likamtuma daktari wa upasuaji Johann Flückinger afanye uchunguzi. Alifukua makaburi, akapasua miili, akaorodhesha umri wa kila marehemu, siku alizokaa ardhini na hali ya mapafu, ini na tumbo lake, kisha akaitia sahihi pamoja na wenzake. Ripoti hiyo ilisomwa kote Ulaya ya magharibi mwaka huohuo, na magazeti ya London yakaichapisha. Kilichowashtua wasomaji wake ni mtindo wake: ilikuwa hati ya kitabibu, yenye shahidi na tarehe, ikithibitisha jambo ambalo elimu ya wakati huo ilikwisha kulikataa.

Leo hali ya miili ile haihitaji muujiza. Maiti inayooza hufura kwa gesi, na gesi hiyo husukuma juu umajimaji mwekundu mweusi unaotokea mdomoni na puani. Ngozi ya juu huvuliwa na ya chini huonekana kama mpya. Kucha huonekana ndefu kwa sababu nyama inayozizunguka imesinyaa. Na mwili uliozikwa ndani sana wakati wa baridi unaweza kuchelewa kuharibika. Ukiuchoma kigingi mwili uliojaa gesi, hewa inayopita kooni inaweza kutoa sauti kama ya mtu anayeguna, na ndivyo ilivyosemwa kuhusu Paole. Wanakijiji waliona sawasawa walichokiona. Walichokosa ni maelezo. Mwaka 1755, baada ya tukio jingine mpakani mwa Silesia na Moravia, Malkia Maria Theresa aliagiza uchunguzi, na daktari wake Gerard van Swieten akaandika kwamba mambo hayo yana sababu za kimaumbile, na malkia akapiga marufuku kufukua, kuchoma na kutoboa maiti. Mtaalamu mzee mwenye begi la vifaa anayefika kijijini kutoka mjini, ambaye katika michezo hii ni mhusika asiyekosekana, ni kivuli cha mbali cha watu kama hao. Tofauti ni kwamba wao walikuja kukanusha kuwapo kwa vampaya, ilhali wa mezani huja kuthibitisha.

Je, mkulima yule aligeukaje kuwa bwana mwenye joho? Jibu linapatikana Uswisi, katika kiangazi cha mwaka 1816, ambacho hakikuwa kiangazi hasa, kwa kuwa mlipuko wa mlima Tambora mwaka uliotangulia ulikuwa umetanda vumbi angani na kuvuruga majira. Wageni wa Kiingereza waliofungiwa na mvua katika jumba la Diodati, kando ya ziwa la Geneva, walishindana kutunga hadithi za kutisha. Mmoja wao, daktari kijana John Polidori, aliyekuwa tabibu wa mshairi Lord Byron, alichukua wazo la mwajiri wake na mwaka 1819 hadithi yake ikachapishwa: vampaya wake ni bwana wa Kiingereza, mtanashati, baridi wa moyo, anayewaharibu wanawake katika kumbi za starehe, na wasomaji walimtambua Byron ndani yake. Tangu hapo vampaya wa vitabuni ni tajiri anayewala maskini. Kwa hiyo Strahd, pamoja na jina lake la mashariki, kwa tabia ni mjukuu wa jamii ya juu ya London kuliko wa Kisiljevo.

Bram Stoker, mwandishi wa Ayalandi aliyetoa riwaya ya vampaya iitwayo Dracula mwaka 1897, hakuwahi kufika Transylvania, eneo la Romania ya leo alikoliweka kasri la mhusika wake. Daftari zake zinaonyesha kwamba mwanzoni alikusudia kuiweka hadithi yake Styria, jimbo la Austria, akabadilisha baadaye. Mambo ya imani za Transylvania aliyapata kwa sehemu kubwa katika makala ya mwaka 1885 ya Emily Gerard, mwanamke Mskoti aliyekuwa ameolewa na ofisa wa jeshi la Austria aliyepangiwa kazi huko. Na jina la mhusika wake alilipata mwaka 1890 katika maktaba ya mji wa pwani wa Whitby, ndani ya kitabu cha balozi mdogo wa zamani wa Uingereza huko Wallachia. Vlad wa Tatu, Dracula halisi, mtawala wa Wallachia wa karne ya 15 aliyejulikana kwa kuwatundika maadui wake kwenye vigingi, hakutajwa na jamii yake kuwa vampaya. Vijitabu vya Kijerumani vya karne hiyohiyo vilimchora kama katili asiye na mfano, na vilikuwa na sababu za kisiasa na za kibiashara za kufanya hivyo, ila havikumwita mnyonya damu aliyefufuka. Ndoa kati ya Vlad na vampaya ilifungwa kwa kishindo mwaka 1972, wanahistoria Radu Florescu na Raymond McNally walipotoa kitabu kilichowatangaza kuwa mtu mmoja. Ravenloft ilitoka miaka 11 baadaye, ikiwa na vampaya ambaye kwanza alikuwa jemadari aliyeiteka nchi kwa upanga. Sioni kwamba ukaribu huo ni wa bahati.

Hali ni hiyo hiyo kwa Elizabeth Báthory, bibi wa ukoo mkubwa wa Hungaria aliyekamatwa katika kasri lake la Čachtice mwishoni mwa mwaka 1610 kwa tuhuma za kuwaua watumishi wake wa kike. Bafu ya damu ya kurudisha ujana, inayomtambulisha katika kila mchezo unaomwiga, haimo katika ushahidi wa wakati wake. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1729, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake.

Barovia yenyewe inafaa kusomwa kwa majina yake. Bwana wake ana kiungo cha ukabaila wa Kijerumani mbele na tamati ya Kislavoni nyuma. Viongozi wa vijiji wana cheo cha mameya wa Kijerumani. Majina ya watu na ya mito yanachanganya Kislavoni, Kiromania na sauti za kubuniwa tu. Mhakiki anaweza kuliita jambo hili uvivu, na pengine lilikuwa uvivu kweli, lakini kwa sadfa limeigusa hali halisi ya Transylvania, ambako Wajerumani walioalikwa na wafalme wa Hungaria tangu karne ya 12 walijenga miji na makanisa yenye ngome, makabaila Wahungaria walimiliki ardhi, na wakulima Waromania, waliokuwa wengi, hawakuwamo katika muungano wa mataifa matatu uliofungwa mwaka 1438 na uliodumu kuwa msingi wa utawala. Wakulima hao waliasi mwaka 1784, na utumwa wa ardhi ulifutwa katika dola ya Habsburg mwaka 1848 tu. Bwana anayewafyonza watu wa bonde lake, asemaye lugha nyingine na asiyeondolewa na sheria yoyote, alikuwapo kweli, na hakuhitaji meno.

Juu ya matabaka hayo kuna lile la sinema, ambalo wachezaji hulichukulia kuwa la kale kuliko yote. Hadhari ya jua ni mfano mzuri. Vampaya wa Stoker hutembea London mchana, akiwa amepungukiwa na nguvu tu. Kufa kwa mwanga wa jua kulianza katika filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Joho na lafudhi nzito ni vya Bela Lugosi, mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1882 katika mji uliokuwa wa Hungaria na ambao sasa uko Romania. Filamu yake ilitoka Marekani mwaka 1931. Mtu-mbwa-mwitu anayemwambukiza mwenzake kwa kumng'ata, na anayeogopa fedha, alipewa umbo hilo na filamu ya Hollywood ya mwaka 1941, iliyoandikwa na Curt Siodmak, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Kabla ya hapo, mbwa mwitu wa Ulaya walikuwa wa aina mbili tofauti: wale wa mahakamani, kama Peter Stumpp aliyeuawa kikatili huko Bedburg mwaka 1589 baada ya kuteswa akakiri kwamba Ibilisi alimpa mshipi wa kumgeuza mbwa mwitu, na wale wa porini, kama mnyama wa Gévaudan aliyeua watu wapatao mia moja kusini mwa Ufaransa kati ya mwaka 1764 na 1767, na kumlazimisha mfalme kutuma wawindaji wake.

Mwaka huo wa 1764 ndio pia Horace Walpole, mwana wa waziri mkuu wa Uingereza, alipochapisha hadithi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kigothi. Yeye aliishi katika nyumba aliyoijenga upya iwe kama kasri la kale, na nchi yake ilikuwa imetapakaa magofu ya monasteri zilizofungwa na Mfalme Henry wa Nane kati ya mwaka 1536 na 1541. Ukatoliki kwa wasomaji wake Waprotestanti ulikuwa jambo la ng'ambo na la zamani, lenye watawa wenye siri na makaburi chini ya sakafu. Kutoka hapo ndipo ilipokuja sheria ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha Ravenloft, na ambayo haina uhusiano wowote na Ulaya ya Mashariki: kosa la mwenye nyumba huifunga nyumba nzima. Strahd alimuua mdogo wake siku ya harusi kwa kumtamani bibi harusi, na tangu hapo ukungu umemzingira yeye pamoja na kila aliye chini yake. Anatawala kila kitu isipokuwa mlango wa kutokea. Ondoa kigingi na kitunguu saumu, ulimwengu huo utabaki wa kigothi. Ondoa hukumu hiyo, utabaki msitu wenye majini.

Himaya ya Lamordia, ambako mwanasayansi amemuumba kiumbe na kulaaniwa pamoja naye, inamtegemea Mary Shelley, mtunzi wa Frankenstein, waziwazi, naye alikuwa miongoni mwa wageni wale wa mwaka 1816. Nyuma yake kuna maabara za kweli. Januari 1803, Giovanni Aldini, mpwa wa Luigi Galvani, alipitisha umeme katika mwili wa George Forster, aliyekuwa ametoka kunyongwa London kwa mauaji. Taya likatetemeka na jicho moja likafunguka mbele ya watazamaji. Na vyuo vya tiba vilihitaji maiti kuliko sheria ilivyoruhusu, hata Edinburgh mwaka 1828 Burke na Hare wakaua watu 16 ili kuiuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia. Hofu ya tabaka hili ni ya mjini na ya kisasa, hofu ya maskini kwamba hata akifa mwili wake una mnunuzi.

Lipo suala moja ambalo haliwezi kupitwa haraka. Katika Barovia wamo watu wanaosafiri kwa magari ya farasi yaliyopakwa rangi, wanaopiga fidla, wanaolaani kwa jicho na kupiga ramli kwa karata, na ambao wengi wao humtumikia bwana wa kasri. Tangu mwaka 1990 wanaitwa Wavistani, lakini wameigwa kutoka kwa Waroma, jamii iliyotoka Bara Hindi na kufika Ulaya ya kusini mashariki katika Zama za Kati. Tatizo halimalizwi na kubadilisha jina, kwa sababu limejengwa ndani ya kanuni zenyewe: karata za mpiga ramli katika kambi yao ndizo zinazoamua silaha na hazina zimefichwa wapi na bwana wa kasri atakutwa chumba gani. Kama ufundi wa mchezo, ni ubunifu wa hali ya juu, kwani kila kundi la wachezaji hupata kasri tofauti. Lakini ni ufundi unaomhitaji Mroma wa kubuniwa awe kiumbe wa ajabu ili mchezo uendelee.

Historia ya Waroma katika nchi hizohizo zinazoigwa ni nyingine kabisa. Huko Wallachia na Moldavia walikuwa watumwa, mali ya mtawala, ya monasteri na ya makabaila; hati ya kwanza ya Wallachia inayowataja hivyo ni ya mwaka 1385, na utumwa huo ulikomeshwa mwaka 1855 Moldavia na 1856 Wallachia. Hao si watu waliomtumikia bwana wa kasri kwa hiari na kwa mapatano ya siri. Walinunuliwa na kuuzwa. Stoker aliandika miaka 41 baada ya ukombozi huo, na kwake Waroma ni wabeba jeneza wa vampaya. Karata za taroti, zinazotumiwa leo kupigia ramli, nazo zilikuwa mchezo wa Waitalia wa kaskazini wa karne ya 15, mpaka mwaka 1781 mwanazuoni Mfaransa Court de Gébelin alipodai bila ushahidi kwamba ni hekima ya Misri. Katika Vita Kuu ya Pili Wanazi na washirika wao waliwaua Waroma kwa malaki, wakitumia, pamoja na mengine, hoja ileile kwamba ni watu wa kutangatanga na wahalifu wa kuzaliwa. Mwaka 2020 wamiliki wa sasa wa mchezo walitangaza kwamba wamefanya kazi na mshauri Mroma na kurekebisha maelezo ya Wavistani, na kitabu cha mwaka 2021 kikaendeleza marekebisho hayo. Ni hatua ya kweli, ingawa imechelewa, na karata bado zipo mezani.

Himaya za Ravenloft zinazoiga nchi za nje ya Ulaya zilitungwa kwa uzembe mkubwa zaidi, na hapa maneno machache yanatosha. Har'Akir, jangwa la maiti zilizokaushwa, inaidai Misri kidogo kuliko inavyoyadai magazeti ya Kiingereza yaliyokuza kifo cha Lord Carnarvon mwaka 1923, miezi michache baada ya kaburi la Tutankhamun kufunguliwa, na filamu ya mwaka 1932 iliyofuata. Vinamasi vya Souragne vina zombi wa Hollywood, ambaye aliletwa kwa wasomaji wa Marekani na kitabu cha mwaka 1929, wakati majeshi ya nchi hiyo yalipokuwa yakiikalia Haiti, kuanzia 1915 hadi 1934. Zombi wa Wahaiti wenyewe haumi mtu wala haambukizi. Ni mtu aliyenyimwa hata mauti, anayefanyishwa kazi bila kikomo na mwingine. Kwa taifa lililozaliwa na uasi wa watumwa wa mwaka 1791, hofu hiyo ina maana nzito kuliko mkono unaochomoza kaburini.

Na asiyeamini kwamba magharibi ilikuwa na vijiji vyake vya aina hiyo, atazame Exeter, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani. Mwezi Machi 1892, miaka kumi baada ya Robert Koch kutangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu, wakazi walimfukua Mercy Brown, msichana wa miaka 19 aliyekufa kwa ugonjwa huo miezi miwili nyuma, wakauchoma moyo wake na kumnywesha majivu kaka yake mgonjwa, ambaye alifariki muda mfupi baadaye. Kipande cha gazeti la New York kuhusu imani hizo kilikutwa katika karatasi za Stoker. Aliamua kuandika juu ya Transylvania.

Mwongozaji wa mchezo anayetaka kutunga himaya yake hahitaji kuyatupa matabaka haya. Anahitaji kujua amesimama juu ya lipi. Frombald, kwa mfano, ni mhusika ambaye sijamwona akitumiwa ipasavyo: mwenye mamlaka asiyeweza kusema hapana, anayetakiwa kuchagua kati ya kanuni za ofisi na kijiji kitakachohama usiku huo. Hapo wachezaji hawaulizwi kama wanaweza kumshinda vampaya, wanaulizwa watie sahihi au wasitie. Utajiri mwingine usioguswa uko Jürgensburg, katika Latvia ya leo, ambako mwaka 1692 mzee wa miaka zaidi ya 80 aitwaye Thiess aliwaeleza mahakimu, bila kuteswa, kwamba yeye ni mbwa mwitu, na kwamba yeye na wenzake huingia kuzimu mara tatu kwa mwaka kuwapiga wachawi na kurudisha nafaka waliyoiba, la sivyo mavuno yangekufa. Alijiita mbwa wa Mungu. Mahakimu walimbana akiri kwamba ana mkataba na Ibilisi, akakataa, na mchungaji alipoletwa kumhubiria, Thiess alimjibu kwamba anayajua mambo haya kuliko yeye. Wakamhukumu viboko na kufukuzwa nchini.